Barakoa ya Msumarini

3 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko kiwandani. Sisi tunaendelea, isipokuwa Bibi, na leo nakueleza yote bila kuficha, hata yatakayokuudhi.

Muhula huu tumeanza somo la magonjwa ya binadamu. Mwalimu anasema kabla ya kutibu, uliza, na swali la kwanza ni: kinachomsumbua mgonjwa kilianza lini? Nikamuuliza Bibi kuhusu kikohozi chake. Akasema, "Kabla wewe hujaota meno." Lakini najua kilianza mvua zilizopita. Amekonda, usiku analoa jasho, na bado analala kitanda kimoja na mdogo wangu. Namwomba akapimwe makohozi, hataki. Nafungua dirisha, anafunga.

Nikaleta barakoa moja kutoka shuleni, nikawaeleza kwamba ugonjwa wa kifua hupita hewani. Walinisikiliza vizuri mno. Shangazi akapigilia msumari mlangoni kwa Bibi, akaitundika. Sasa anayeingia anaivaa, akitoka anaitundika, anayefuata anaivaa. Shangazi, mumewe, hata jirani aliyekuja kusalimia. Nikilalamika, Shangazi ananiambia, "Si wewe uliyesema tusiingie bila kuvaa? Haya, tumevaa."

Nimechoka, Mama. Ukisema wewe, Bibi atakwenda.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ni kikohozi tu cha vumbi la pamba. Kushona magodoro ndivyo kulivyo.

Barua yako imenichosha kuliko zamu. Nimekupeleka shule usome, si uwe mganga mkuu wa nyumba. Umemwambia mama mkwe wangu habari za vijidudu mbele ya jirani? Likizo yangu iliyopita nzima nililala naye chumba kimoja, mbona sikuona cha kutisha?

Hata hivyo, mtoto ahamie kwa Shangazi leo hii, na hiyo barakoa ichomeni. Ndani ya bahasha nimeweka barua ya kumsomea Bibi. Isome wewe, na usiongeze yako.

Mama yako

8 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nilimsomea Bibi, wala sikuongeza neno. Akasema, "Naye amekuwa kama wewe," kisha akaomba viatu vyake.

Ni kifua kikuu. Ameanza dawa, anazimeza mbele yangu huku amenuna. Mdogo wangu amepimwa, hana ugonjwa, anapewa dawa ya kumkinga. Mimi, Shangazi na mumewe tumepimwa pia, hatuna ugonjwa. Barakoa tumeichoma, na msumari Shangazi anatundikia funguo.

Muuguzi aliuliza nani mwingine amelala chumba cha Bibi. Nikasema hakuna. Jana niliisoma tena barua yako: likizo nzima ulilala naye chumba kimoja.

Tafadhali usiniambie vumbi. Pamba umeishona tangu sijaanza shule, na hujawahi kuniandikia kwamba unakohoa. Nenda ukapimwe, na usinijibu kama alivyonijibu Bibi. Nijibu mara tu upatapo barua hii, Mama: hicho kikohozi chako kilianza lini?

Mwanao