Mama Fatma, Kuhusu Zile Ngazi za Jeti

Mama Fatma wangu,

Salamu yangu ni ile niliyokuwa nikiitoa mlangoni nikirudi mkutanoni, kabla sijavua viatu. Barua hii sina pa kuipeleka, kwa hivyo nimeona niiandike wazi, anayetaka kuisoma aisome. Mambo ya kamati ya mji hayakuwa siri hata ulipokuwa hai. Ulikuwa ukiyamaliza wewe na majirani kabla wino wa katibu haujakauka.

Nimechoka, mke wangu. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona, ni uchovu wa kukaa. Nimekaa kwenye kiti kile cha plastiki chini ya pangaboi lisilozunguka, nikasikiliza habari za mitaro, taka, taa za vichochoroni na punda wanaofungwa mbele ya milango ya watu, hadi nikawa najua nani atasema nini kabla hajafungua kinywa. Bwana Twalib, mwenyekiti wetu, bado anafungua kwa dua ndefu kuliko mkutano wenyewe. Akidi bado haitimii mpaka mtu atumwe mtaa wa Wiyoni kumtafuta Mzee Bakari, naye akija hukaa, hunywa chai ya kamati, na kazi yake ni moja: kuunga mkono mkutano ufungwe.

Ulikuwa na swali lako. Nikifika nyumbani unaweka birika la tangawizi, unakaa mkabala nami na kuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Haya, leo mumeahirisha nini?" Nami nakutajia. Taa ya pembe ya msikiti. Ukuta wa makaburi. Jaa la taka. Na kila mara, mwisho kabisa, ngazi za jeti.

Wasomaji wengine hawazijui ngazi hizo, acha niwaeleze. Jeti kubwa ya mji haina neno. Hii ni ile ndogo ya upande wetu, wanapofikia watu wa boti za visiwani. Maji yakijaa, boti inaelea mpaka juu na abiria anashuka kama anayetoka chumba kimoja kwenda kingine. Lakini maji yakipwa, boti inabaki chini kabisa, na huko chini ngazi zilikwisha kubomoka zamani. Kilichobaki ni mawe yenye ukoga na chaza, na pengo la kumfika mtu kifuani kabla hajaipata ngazi nzima ya kwanza. Wewe uliyezaliwa Chundwa, kule visiwani, ulilijua pengo hilo kuliko yeyote kati yetu, kwa sababu kila ulipokwenda kuwatazama wazee wako ulilipita kwenda na kurudi.

Unaikumbuka siku uliyokuja mkutanoni? Ulikuwa mkutano wa wananchi, ukakaa nyuma na wanawake wenzako, umevaa buibui jipya. Mwenyekiti alipouliza kama kuna swali, ukasimama. Ulisema, "Mimi ni mtu wa Chundwa. Ndia ya kwetu naijua. Natoka kwetu nimekaa kwenye boti kama bibi harusi, lakini nikifika kwenye jeti yenu naingia mjini kwa magoti." Ukumbi mzima ulicheka. Nikasimama kukuunga mkono, nikasema maneno mawili matatu ambayo hata sasa siyakumbuki. Bwana Twalib akakushukuru kwa adabu zote na kusema jambo limechukuliwa. Likachukuliwa kweli, likawekwa mwisho wa ajenda, pale panapoandikwa "Mengineyo", na likakaa humo kama mpangaji asiyehama.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani ulinicheka njia nzima. "Ulivyosimama, Baba Fatma, mtu angedhani umekuja kuposa."

Ulipofariki nilidhani wenzangu watanihurumia na kulipitisha jambo lile kwa ajili yako. Walikuja matangani wote, wakalia nami, wakabeba jeneza. Mkutano uliofuata walisimama kimya kukukumbuka. Kisha wakaahirisha Mengineyo.

Sasa nikusimulie kilichotokea msimu huu wa joto.

Siku hiyo mkutano ulivunjika kwa kukosa akidi, kama kawaida. Mzee Bakari alikuwa na homa. Nikatoka na faili langu kwapani, nikapita njia ya baharini nitafute samaki, changu wa mchana, na nikaona watu wamejazana kwenye jeti yetu. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mchanga unaonekana. Chini kulikuwa na boti ya Chundwa, na ndani yake msichana amelala juu ya mkeka, ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili. Alikuwa Amina, mjukuu wa jirani yenu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, mkunga wa kijijini akaona mtoto hakukaa vizuri, akasema apelekwe hospitali. Walikuwa wamefika. Hospitali iko pale, unaliona paa lake. Lakini hakuna aliyeweza kumpandisha, na kwa maji machache yale boti haikuweza kuzunguka hadi jeti kubwa.

Mama yake, Bi Khadija, alikuwa ameketi upande wa kichwa chake akimpepea. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akitufungia muhogo kila tukiondoka kwenu. Aliponiona juu, kofia kichwani na faili kwapani, aliniita.

"Mkwe, wewe si ndiye wa kamati?"

"Ndimi, Bi Khadija."

"Basi mwambie mwana huyu angoje mkutano."

Hakupaza sauti. Alisema hivyo akaendelea kupepea.

Nilivua viatu nikashuka. Chaza zilinichana nyayo zote mbili, sikuzihisi mpaka jioni. Hamali wawili walikuwa wameleta ubao wa kumbebea, lakini kila walipomgusa Amina alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena, na yule wa pili akasema yeye hathubutu, wakiteleza naye pale watamuua. Mtu alikimbia hospitali, akarudi na muuguzi, kijana wa bara ambaye nadhani hakuwahi kuingia baharini maishani mwake. Alishuka mawe yale kwa makalio, mkoba wake wa dawa ameuuma kwa meno.

Wanawake wauza samaki waliacha meza zao. Walishuka na leso zao, wakaingia majini, wakazishika pamoja kuizunguka boti. Sisi wanaume tukageuka, tukawapa mgongo. Tulisimama hivyo, wavuvi, hamali, nahodha na mimi, maji yanatufika mapajani, nami nimeliweka faili la kamati kichwani lisilowe. Nahodha alikuwa akisoma Yasini chini chini. Niliangalia ngazi zile zilizobomoka na nikajiuliza ningekujibu nini ungekuwa nyumbani unaningoja na birika lako.

Mtoto alilia. Kilio chembamba, kama cha paka. Bi Khadija akasema, "Alhamdulillahi, mwanamke," na wanawake wakapiga vigelegele, sisi tukapangusa nyuso tukijidai ni maji ya chumvi.

Lakini haikuwa imekwisha. Amina alikuwa akitoka damu, na muuguzi alisema apate kitanda na dawa ambazo hakuwa nazo mkobani. Kumpandisha bado haikuwezekana. Kwa hiyo tulingoja, Mama Fatma. Tulingoja maji yajae. Muuguzi akimkandamiza tumbo, mama yake akimwita jina asilale, sisi tukiishikilia boti isigonge mawe, bahari ikapanda polepole, ikatuinua mpaka kwenye ngazi nzima, na tukamtoa. Kazi ya kamati ikafanywa na bahari.

Alilazwa siku nyingi. Alitiwa damu ya ndugu zake na ya yule nahodha. Alipona. Nakuandikia neno hilo haraka usipate wasiwasi: alipona, na mtoto ananyonya vizuri.

Mkutano uliofuata, akidi ilitimia kabla ya saa. Kila mtu alikuwa amezisikia habari za Amina. Bwana Twalib alifungua kwa dua, kisha akapendekeza kamati itoe pongezi rasmi kwa familia ya Chundwa kwa kupata mtoto salama. Likaungwa mkono, likapita. Tukaenda kwenye mitaro. Tukaenda kwenye punda. Tulipofika Mengineyo, akatazama saa.

Nikasimama. Safari hii sikuogopa, nadhani nilikuwa nimechoka mno. Sikuzungumza habari za mawe wala saruji. Niliwaambia tu Bi Khadija alikuwa amekaa wapi, na alichoniambia, neno kwa neno. Kisha nikakaa.

Bwana Twalib alikunja karatasi yake na kuikunjua. "Bwana Shee, tumekusikia," akasema, "na kila mmoja hapa ameumia. Lakini mipango ya mwaka huu imekwisha pangwa. Nalo jambo lenyewe liko chini ya Mengineyo. Tulipe heshima yake, tuliweke mkutano ujao."

Nilishaanza kukusanya vitu vyangu. Ndipo Bi Mueni, katibu wetu aliyeletwa kutoka Machakos, alipoweka kalamu chini. Hujapata kumwona, alikuja baada yako. Ni mpole, huandika kila tunachosema na hatii lake.

"Mwenyekiti, naomba kuongea kidogo, najua si kazi yangu," akasema. "Siku niliripoti hapa nilianguka kwa hizo ngazi. Begi yangu ikaenda na maji. Nilidhani ni vile mnakaribisha wageni, nikanyamaza."

Sijui ni kwa nini jambo lile liliwafanya wacheke. Pengine kwa vile alilisema bila kutabasamu. Walicheka mpaka Bwana Twalib akavua miwani, na katika kicheko kile uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeona aibu. Mgeni alikuwa ameanguka mlangoni kwetu na tukamwacha ajiinue mwenyewe. Katika mji huu hilo ni jambo zito kuliko mipango ya mwaka.

Mzee Bakari akainua mkono. Sote tulidhani anataka mkutano ufungwe.

"Natoa hoja," akasema.

"Hoja gani, mzee?"

"Hiyo ya binti huyu."

"Katibu hana hoja, mzee. Yeye huandika tu."

"Basi ni yangu. Ngazi zijengwe. Na aandike."

Ikapita. Muda wa kunywa kikombe cha chai, jambo la miaka yote ile likawa limekwisha.

Mafundi walifanya kazi maji yakipwa, wakaondoka maji yakijaa, kwa hiyo ilichukua muda. Nilikwenda kutazama karibu kila siku. Nilidhani nitafurahi. Nilichohisi zaidi ni hasira, hasira iliyochoka, isiyo na nguvu ya kumpigia mtu kelele: kumbe lilikuwa jambo la mawe, saruji na watu wachache wenye suruali zilizokunjwa. Vyuma vya kushikilia pembeni havikutiwa. Hivyo navyo viko Mengineyo. Fatma amenipigia simu kutoka Mombasa, anataka niache kamati nikakae kwake na wajukuu. Nikamwambia nangoja vyuma. Akasema, "Baba, kila mwaka una cha kungoja." Anasema kama wewe mtoto yule, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya kusema.

Kuna asubuhi nataka kwenda. Kuna asubuhi namwona mtu anapanda kutoka kwenye boti na gunia la nazi begani, haangalii hata chini, na nasema labda mwaka mmoja zaidi.

Ijumaa iliyopita kaka zako walikusomea khitma kwenu Chundwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda bila wewe. Nilifika jeti asubuhi, maji yamekupwa, boti iko chini kabisa inangoja, na nikasimama juu ya ngazi mpya nisiweze kuondoa mguu. Watu walidhani naiogopa bahari.

Kuna kitu sikuwahi kukwambia. Mji wetu si wa mume na mke kushikana mikono njiani. Miaka yote tuliyokaa hapa mjini Amu ulitembea mbele na wenzako, mimi nyuma na vikapu, kama watu wasiojuana. Lakini tukifika pale, penye mawe yale mabovu, ulinyoosha mkono nyuma bila kunitazama, nami nikaushika, na hakuna aliyeona vibaya, maana kila mtu alijua hapapitiki bila kushikwa. Nilikuwa nikingojea pale, Mama Fatma. Mwenzio nilikuwa nikiipenda safari nzima kwa ajili ya hatua zile chache. Hata siku hamali walipokushusha kwa kiti kwenda kutibiwa Mombasa, nao wamekishika barabara pande zote, uliutoa mkono ndani ya buibui ukautafuta wangu.

Ngazi sasa ni pana, hazina ukoga. Nilishuka mpaka chini, mkono mmoja una kikapu, mwingine hauna kitu, na sikuteleza hata mara moja.

Pumzika, mke wangu. Mimi kesho nina mkutano.

Mumeo,
Baba Fatma