Mama Debora Ameshapita Dukani

Norwei, baridi bado ipo

Mdogo wangu Yuliana,

Kabla hujaendelea, inua kichwa umpe Mama shikamoo yangu, maana najua ameketi hapo karibu na jiko anasubiri umsomee. Mwambie mimi ni mzima, ninakula, na soksi za sufu navaa mbili mbili kama alivyoagiza. Miguu yake inaendeleaje? Na wewe kifua kimepona, au bado unakohoa halafu unasingizia vumbi la barabara? Mama msomee habari za masomo, atafurahi. Lakini ukifika kwenye habari ya Mangi wa dukani, nyamaza, soma kimoyomoyo. Hiyo ni yangu na yako.

Barua yako niliipata. Umeandika kwamba unanionea wivu. Eti kila ukiinama kupuliza moto wa kuni unaniwaza mimi huku Ulaya, natembea na vitabu kifuani kama msomi wa kwenye kalenda. Nilicheka peke yangu mpaka msichana ninayekaa naye akaja kuuliza kuna nini. Yuli, nilikuwa nacheka kwa hasira. Wewe unionee wivu mimi! Tulia nikuambie nani anamwonea nani.

Unaikumbuka siku tuliyopeleka maombi posta? Baba Debora alikuwa ameshatutoka, mimi nafundisha baiolojia sekondari, na kila jioni nakuambia nataka kusomea samaki wa ziwa letu kabla hawajaja wageni kuwasomea. Mkuu wa shule aliniandikia barua kwamba mimi ni mtu mtulivu, tukaisoma njia nzima tunacheka. Niliogopa bahasha isije ikakunjika, kwa hiyo mimi nikabeba bahasha, wewe ukambeba mwanangu Debora mgongoni. Siku hizi naifikiria sana safari ile. Majibu yalipokuja wewe ndiye uliyesema, "Nenda dada, mtoto yupo nyumbani kwao." Nikaenda. Nilipofika wakaniambia nianze na mwaka wa matayarisho, ndipo niingie kwenye shahada yenyewe, na Debora akawa anaendelea kukua bila kuningoja.

Ziwa lenyewe sikulisomea. Nauli ya kurudi Babati kwa utafiti haikuwamo, nikaambiwa perege wapo hapa hapa, kwenye matangi ya kioo chini ya jengo letu. Hebu fikiria. Juu theluji imefika magotini, watu tunatembea tumejikunyata, chini perege wa Afrika wanapashiwa maji yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mimi wivu wangu huku ulianza kwa samaki. Usicheke.

Kazi yangu ilikuwa kuwaangalia majike. Unajua perege jike hutunza mayai mdomoni, na hata vitoto vikishatoka anaendelea kuvibeba humo humo, hali kitu, anakonda. Baadaye anavitema viogelee. Kikitokea cha kutisha vinarudi mbio mdomoni kwake. Mimi nilikaa mbele ya kioo na kalamu, naangalia nani anarudi kwa nani. Ndiyo masomo niliyoyaendea Ulaya, Yuli, kuangalia mama wengine na watoto wao.

Na kulikuwa na mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa hapa, ambaye shule zikifungwa humleta binti yake maabara. Mtoto anakaa sakafuni anachora samaki, kila baada ya muda anamwonyesha mama yake, mama anasifia bila hata kuangalia vizuri. Ni mtu mwema, koti ninalovaa ni la kwake. Lakini siku hizo nilikuwa nahamia tangi la mwisho kabisa, nawapa mgongo. Bila kuangalia vizuri! Mimi ningeikodolea macho kila karatasi.

Sasa nyamaza. Mwambie Mama unatafuta miwani.

Zamani nilikuwa napiga simu kwa mchungaji, naye ananijua, anawaita mnakuja. Ile siku nikapiga namba ya dukani uliyonitumia. Akapokea mwanaume.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni Mama Debora, napiga kutoka mbali. Naomba uniitie watu wa nyumbani."

Akacheka. "Acha utani, dada. Mama Debora ameshapita hapa dukani sasa hivi, kachukua mafuta ya taa. Mbona namwona pale njiani na mtoto wake."

"Huyo ni Yuliana."

"Yuliana mimi simjui. Namjua Mama Debora."

Simlaumu. Amekuja mtaani kwetu Bagara baada ya Babati kuwa makao ya mkoa, pamoja na hao makarani na wafanyabiashara unaoniandikia kwamba wamejaza mtaa na kupandisha kodi ya vyumba. Katika Bagara yake yeye, mimi sijawahi kuwapo. Wewe unapita na Debora mkononi, basi, watu wakuite nani? Hata mimi kama ningekuwa muuza duka ningekuita hivyo hivyo. Nikamwambia, mwite basi huyo Mama Debora, mwambie ni dada yake.

Akaita kwa sauti kubwa, nami nikakusikia ukiitika, "Abee!" Uliitika haraka, Yuli. Hata hukusita kidogo.

Debora akakimbia akakutangulia kwenye simu. Siku zote za nyuma alikuwa akisema "shikamoo mama" vizuri kabisa, na nyuma yake nasikia kama upepo. Nilifikiri ni simu mbovu. Kumbe ulikuwa wewe, unamnong'oneza la kusema. Siku hiyo hukuwahi kufika.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Nikaitika marahaba. Akaniambia jino limeng'oka, na mama amelirusha juu ya bati ili liote jingine. Nikamuuliza, "Lilifika juu?" Akasema, "Lilifika, mama anajua kurusha." Ulipochukua simu nikajifanya salio linakwisha. Halikuwa linakwisha.

Nikuambie ukweli wote, maana nikiuficha utaoza. Nilikuonea wivu kwa jino lile, kwa nywele zake unazozisuka Jumamosi, kwa daftari lake la kwanza la shule, hata kwa homa unazokesha nazo. Nikawaza maneno mabaya juu yako, kwamba umenichukulia mtoto kimyakimya huku unaniandikia "Debora anakusalimu sana mama yake". Nilikaa nayo hayo maneno nikila, nikifua, nikipanda ngazi. Halafu nikakumbuka nani alibeba bahasha na nani alibeba mtoto, nikazidi kukasirika, maana hapo hata wa kumlaumu sikuwa naye.

Wiki hiyo hiyo ndiyo nilitetea kazi yangu. Haya, unaweza kumsomea Mama tena. Walikaa wazee watatu mezani, wasimamizi na mtahini wa kutoka chuo kingine, na nyuma wanafunzi wenzangu. Nilivaa kitenge alichonipa Mama. Nilieleza vizuri, sauti haikutetemeka. Mwishoni yule mgeni akauliza, "Ukivichanganya vitoto vya majike wawili, kila kimoja kinamjua mama yake?"

Nikajibu, "Hapana. Vinakimbilia mdomo ulio karibu."

"Na jike mwenyewe?"

"Anavipokea vyote."

Ndivyo nilivyoona mwenyewe kwenye kioo, siku nyingi, na nilishaandika. Lakini nilipokwisha kusema nikasimama pale nimeshika meza. Wakadhani nimesahau, wakaniletea maji. Mtahini akasema jibu ni sahihi, hakuna haja ya kuongeza. Nimefaulu, Mama. Kulikuwa na keki, watu wakanipa mikono, na mwanao sasa ana shahada ya pili. Pigeni vigelegele hapo jikoni, majirani wasikie.

Siku iliyofuata msimamizi wangu akaniita, akaniambia nafasi ya kusomea shahada ya udaktari ipo, perege wale wale, matangi yale yale, na kwamba nikikubali nianze mara moja. Wenzangu wote wanaililia nafasi hiyo. Nimeikataa. Watu hapa wamenisifu eti nimejitoa kwa ajili ya mwanangu. Wewe nisikudanganye. Nimekataa kwa wivu. Nikibaki huku, utafika wakati hata Mama atakuita Mama Debora bila kujishtukia, na mimi nitakuwa yule mama mkubwa wa Ulaya anayeleta chokoleti.

Kwa hiyo narudi. Na wewe usijifanye malaika, najua nitakapoanza kumsuka nywele utasimama mlangoni unaona kila fundo nimelikosea. Ona wivu, ni haki yako. Tutaoneana wivu chini ya bati moja, na moto nitaupuliza mimi. Ule ualimu unaoutaka, tafuta fomu sasa, usisubiri nifike. Safari hii bahasha ubebe wewe.

Mnisalimie mjomba wetu wa Mutuka, mwambie ndama wake nimemwona kwenye picha, anafanana naye. Msalimie mama mchungaji kwa kupokea simu zangu bila kuchoka, na Mangi naye, asije akafikiri nina ugomvi naye. Mwambie mafuta ya taa yajayo nitakuja kununua mwenyewe, anitazame vizuri.

Ombi langu ni moja. Nikishuka stendi utakuwa umemshika Debora mkono. Usimnong'oneze kitu. Mwache aseme shikamoo anayoijua, mama mkubwa kama ndiyo aliyonayo, nami nitaitika.

Dada yako,
Paskalina

Umezoea kuona nimeandika Mama Debora hapa chini. Safari hii nimeacha. Jina liko kwako, nalifuata.