Albamu Yako Nimeisikia Dubai

Al Twar, Dubai
Novemba 2014

Shoga yangu Anna,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ngamiani, zikukute umeamka vizuri na mkono wa kulia umeanza kushika kikombe. Mimi mzima, ila miguu huvimba jioni. Tangu kiharusi kikunyang'anye maneno, nikipiga simu Precious anakuwekea sikioni, nami nasikia pumzi zako tu. Nikikata nalia jikoni. Nikaona bora niandike, binti yako huyo akusomee polepole.

Ijumaa iliyopita madam Hilwa alirudi na santuri za zamani, kazinunua kwa familia ya Kihindi iliyokuwa inahama mtaa wa Karama. Nilikuwa nakata vitunguu. Wimbo wa kwanza ulipoanza, nikaweka kisu chini. Ilikuwa albamu yako, Anna! Ile ya dada mwenye nywele zilizotimka, aliyokuletea mjomba wako baharia mwaka themanini na sita.

Nikajikuta naimba hata kabla dada mwenyewe hajaanza. Madam akaja mlangoni, akaniuliza nyimbo hizi nimezijulia wapi. Nikamwambia rafiki yangu alikuwa na kanda yake, akiipiga mpaka majirani wakagonga ukuta. Akacheka, akanivutia kiti, akasema yalla, kaa, vitunguu vitasubiri.

Tukasikiliza sote wawili. Ulipofika wimbo wa nne nikashtuka. Unakumbuka kaka yako alivyobonyeza kitufe cha kurekodi, ubeti mzima ukafutika? Kikabaki kimya, nawe ukakijaza kwa ubeti wako wa Kiswahili, wa mwanamke anayembembeleza mwenzake asiolewe mbali. Miaka yote sikujua pale palikuwa na nini. Sasa Kiingereza nakisikia, nimekijulia kwenye majumba ya watu. Kumbe dada wa watu anamsifia mwanamume na gari lake, basi! Wako ulikuwa mzuri mara mia.

Nikalia mbele ya madam. Akaniuliza wimbo umenifanya nini. Nikamwambia hapo pana sauti ya mtu, imekosekana.

Sasa nikwambie nililokuficha. Precious amenieleza kuwa likizo yake inaisha, lazima arudi kazini Arusha, na anatafuta msichana wa kukaa nawe. Wiki hiyohiyo madam alitaka kuniongezea viza ya miaka miwili. Nikamwambia khalas, madam, imetosha, narudi nyumbani. Akauliza ni nani ameniita. Nikamjibu rafiki yangu hajaniita. Hawezi.

Nakuja, Anna. Mwezi ujao, inshallah, na si likizo. Mikono hii imeogesha mama za watu, imewalisha, imewageuza kitandani. Kwa nini niwaogeshe wageni, na wewe uogeshwe na mgeni? Usinionee huruma kwa kuacha kazi. Nimekutamani kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukwambia, hata ulipokuwa na maneno ya kunijibu.

Nisalimieni mama Lawrence wa nyumba ya pili na wote wanaoniulizia. Nawe Precious, mwanangu, ukifika hapa acha kusoma kwanza, mfute mama machozi kama yapo. Kisha nitandikie godoro chumbani kwake, si sebuleni. Mwambie siku hizi nakoroma, itabidi anivumilie.

Wako wa tangu utotoni,
Joha