Lugha isiyo na mashine

Gitega, Jumanne jioni

Mwalimu wa kompyuta amesema lugha yangu ya maagizo si lugha ya programu. Nilimwonyesha maagizo tuliyofundishwa kuandika tulipokuwa kambi ya wakimbizi Tanzania. Hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo mwenzako ndiye alikuwa mashine, akitii kila neno.

"Lakini inaamua na inarudia, Mwalimu."

"Na mashine gani inaisoma?"

Darasa zima likacheka. Kesho anachagua wa kubaki mchepuo wa kompyuta. Wengine watarudi shule za kwao, nami najua nitarudi kwetu Gashoho. Kifaransa changu, lugha ya masomo hapa, ni kibaya, na kumbe hata hiki nilichokijua si kitu.

Furaha, Mkongomani wa kitanda cha jirani, alinikuta nalia bwenini. "We, acha kulia! Mi niko mashine yako. Soma."

Nikamsomea: piga hatua, kama kuna kitanda, geuka, rudia. Akatembea, akageuka, akatembea tena. Nikacheka, nikamwambia inatosha.

"Haukuandika nisimame!" akapiga kelele, huku anazunguka.

Kweli, sikuandika. Kosa langu lilimzungusha mtu mzima mpaka akaanguka kitandani akihema. Kama si lugha, lilimfikiaje?

Kesho mwalimu hataniuliza hilo. Labda nimwambie mwenyewe, kabla hajachagua...