Kigari cha Bwana Colby

Bondeni, Nakuru
2 Mei 1954

Kwa mwanangu Waithaka,

Nakusalimu wewe na Wamuyu mkeo. Mimi na binti yangu Khadijo tunapumua, alhamdulillahi. Najua huko hamlali vizuri, kwa hiyo sitakuuliza umelalaje.

Mwanangu, mume wangu, mwalimu wako Hemed, hatunaye. Homa ilimshika Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Alikuwa akikuita, akidhani uko uani unaosha plagi.

Sasa nisikilize. Kile kigari chekundu cha viti viwili cha Bwana Colby wa Njoro bado kiko hapa uani. Pampu ya maji iliyooza ilishafunguliwa, mpya imo katika boksi chini ya kitanda. Distribyuta nayo Hemed aliitoa ili abadilishe platini, rota na kifuniko; vipya vyote vimo. Hakutaka malipo. Walipatana kwamba gari likipona, Bwana Colby atamwandikia DC barua ya kukudhamini, upate pasi ya kurudi Nakuru.

Mafundi wenzako Wakikuyu walipakiwa malori ya serikali pamoja nawe. Mimi nimo edani, sitoki, mikono inakaa bure. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Nitalitengeneza mimi.

Mama yako,
Kuluthum


Kangema
30 Mei 1954

Kwa Mama,

Salamu zako zilifika zimefunguliwa na kubandikwa tena, lakini zilifika. Pole, Mama. Nilikaa nyuma ya nyumba nikalia hadi Wamuyu akanifuata. Namwona Mzee ameshika spana kwa meno huku akinitukana. Matusi sikuyaelewa, kazi niliielewa.

Anza na pampu. Kwangua uso wa chuma inapokaa mpaka usione karatasi ya zamani. Weka gasketi mpya, ipake grisi kidogo. Bolti zikaze kidogo kidogo, ukivuka upande hadi upande, usimalize moja kabla ya nyingine.

Kwenye distribyuta, inayozigawia plagi moto, platini ni vile vibati viwili vinavyogusana; zikiachana, nafasi iwe kama unene wa kadi ya posta. Kabla ya kuitoa, Mzee huchora kwa msumari alama moja kwenye shingo yake na nyingine kwenye injini. Zikutanishe, ufunge. Ila injini isizungushwe kabla hujaifunga.

Hapa tunachimba handaki kando ya msitu, wake kwa waume. Maafisa wanamuuliza kila mtu ni nani wa kumdhamini huko alikotoka. Nimewaambia yuko Mzungu atakayeandika. Wamesema watangoja.

Mwanao,
Waithaka


Bondeni, Nakuru
13 Juni 1954

Mwanangu,

Natumaini handaki halijakumaliza mgongo. Sisi hatujambo.

Pampu imekaa, haivuji hata tone. Khamisa jirani alinikuta nimeinamia injini na nguo zangu nyeupe, akasema, "Kuluthum, wenzako wakifiwa hushika tasbihi, wewe umeshika spana. Eda gani hii ya grisi?" Nikamjibu, "Eda imekataza hina, shoga. Grisi haikutajwa." Akacheka, kisha akanishikia bolti.

Lakini gari linapiga risasi. Nilizikutanisha alama, Khadijo akazungusha hendeli, likalia kama bunduki hadi askari wawili wakaja mbio mlangoni. Kosa nimeligundua. Siku ya matanga wanaume walilisukuma ili mikeka itandikwe. Lilikuwa kwenye gia. Lilipokataa wakasema bismillahi, wakazidi kusukuma. Injini ilizunguka, Waithaka. Alama za Mzee hazina maana tena.

Bwana Colby ametuma mtu: mwezi wa nane alikute linatembea, au alivute kwa kamba, na mapatano yafe. Nifanyeje?

Mama yako,
Kuluthum


Kangema
25 Julai 1954

Mama mpendwa,

Hali yangu ni ile ile, na nisamehe kwa kimya. Barua yako ilikaa ofisini, afisa akitaka kujua ni risasi gani hizo zinazopigwa Nakuru. Nilimweleza distribyuta mpaka akachoka.

Sahau alama. Toa plagi ya kwanza, iliyo karibu na rejeta, uzibe tundu lake kwa kidole gumba. Khadijo azungushe hendeli polepole. Upepo ukikisukuma kidole, endeleeni kidogo tu, hadi mkato wa puli ukutane na mshale wa injini. Hapo simameni. Tia distribyuta, rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, ikitazama waya wa plagi hiyo. Nyaya nyingine zifuate mzunguko wa rota: ya tatu, ya nne, ya pili.

Mama, Wamuyu ana mimba. Jina langu limeshasomwa kati ya wale watakaopelekwa kufungwa kambini. Barua ya Bwana Colby ikiwahi, nimepona.

Mwanao,
Waithaka


Bondeni, Nakuru
15 Agosti 1954

Waithaka mwanangu,

Nakusalimu, na salamu yenyewe ni nzito leo.

Upepo ulikisukuma kidole kama ulivyosema. Gari liliwaka, likatulia. Khadijo alicheza peke yake uani. Tukapeleka habari Njoro.

Bwana Colby alikuja asubuhi. Eda yangu haijaisha, sikuweza kumtokea. Nilisimama nyuma ya mlango. Alilizungusha hadi stesheni akarudi anacheka. Akauliza nani amelitengeneza. Khadijo akajibu kwa fahari, "Mama yangu." Kisha akamkumbusha barua.

Alikuwa ameshakaa kitini, injini inanguruma. Akasema, "Mimi nataka fundi tu. Hemed nasema bila Waithaka hapana fundi. Sasa fundi iko hapa. Waithaka ya nini?"

Nikasema kupitia mlangoni, "Bwana, aliyenifundisha ni yeye." Injini ilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu. Nilishika komeo, na sikulifungua. Nilipotoka, uani palibaki harufu ya petroli tu.

Nilitaka kukufungulia njia, mwanangu, nikaiziba kwa mikono hii hii. Nimemwandikia DC mwenyewe. Nijibu, hata neno moja.

Mama yako,
Kuluthum


Bondeni, Nakuru
20 Februari 1955

Kwa mwanangu Waithaka, popote ulipo,

Sijui nikuulize afya au nikuombee tu. Ofisi ya DC haikunijibu, wala wewe. Wamuyu ametuma ujumbe kwamba walikuchukua kabla barua yangu haijafika, na hajaambiwa ni kambi gani. Amejifungua salama, mtoto wa kiume. Barua hii naipitisha kwake, huenda siku moja akajua pa kuipeleka.

Eda ilikwisha, na watu huniletea magari sasa. Juzi Bwana Colby alikuja, kigari kinakohoa. Nilimtokea mwenyewe na buibui langu. Nikamwambia, "Fundi amefungwa kambini, Bwana. Ukimtoa, atakitazama." Akaenda zake gereji nyingine. Nilidhani nitafurahi. Lakini kukataa kwangu hakukukutoa huko.

Leo muadhini alipoanza, nilikumbuka ulivyokuwa ukiukatiza wimbo wako wa kanisani chini ya gari, ukangoja amalize, ukaendelea palepale ulipoachia. Hakuna aliyekwambia ufanye hivyo.

Sina la kukuomba zaidi ya hili. Unikumbuke.

Mama yako,
Kuluthum