Jezi Namba Tatu Iliyorudi Safi

Changamwe, Jumapili, 13 Agosti 1961

Baba Saidi,

Manyunyu tangu alfajiri. Jezi zimetandazwa ukumbini kwa kuwa kamba ya nje haifai kitu leo, na nyumba nzima inanukia sabuni ya mche. Naandika katika daftari kuukuu la Saidi. Moyo wangu ni mwepesi, na siku nyingi sijapata kusema hivyo.

Wiki hii nimeingilia mambo ya wanaume.

Unajua tangu nitoke eda nawafulia jezi timu yenu ya bohari ya mafuta. Namba tatu yako sasa anajaribiwa nayo kijana wa Kaloleni, Katana, kibarua wa kupakia mapipa. Mabega yake yanajaa mlangoni. Walimwambia wazi kwamba akiiweza nafasi ya beki wa kushoto ataandikwa kazi ya kudumu. Asipoiweza, mwisho wa mwezi arudi kwao, na kwao wanamtegemea yeye.

Jumatano alikuja Omari, aliyekuwa kipa nyuma yako na sasa ni katibu. Jezi chafu zilikuwa bado kwenye karai, nyeupe zote zimegeuka nyekundu kwa matope. Akaichomoa namba tatu, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa safi.

"Mwili wa bure," akasema. "Anaogopa matope kama bibi harusi. Hii ungeirudisha sandukuni bila kuiosha, Mama Saidi."

Akaniambia kamati imeshakata shauri, Jumamosi watamweka mwingine. Nami nikacheka naye.

Nakiri hapa, kwa kuwa hapana pengine pa kukiri. Nilifurahi. Sikutaka apatikane mtu wa kufaa. Nilitaka jezi ile ikae ikikungoja.

Jioni, katika kufua, kidole changu kikapenya kwenye kwapa la kushoto. Mshono ulikuwa umefumuka. Kijana amecheza mechi tatu, na mara zote tatu mshono huo huo umefumuka; mbili za kwanza niliushona bila hata kuwaza.

Ndipo nikakumbuka mwaka wetu wa kwanza. Jezi yako nayo ilirudi safi, nikakuuliza kama ulishinda umekaa. Ulikuwa unakula mbaazi. Ukazisogeza mbili ukingoni mwa sahani, moja ikimzibia mwenziwe njia, ukaniambia beki anayelala chini ameshapitwa. Wewe ulikuwa unasimama tu njiani mwa mtu mpaka achoke. Naye akichoka, anashika jezi. Lile kwapa nililishona mpaka nguo ikachakaa.

Matope yalikuja msimu wako wa mwisho, kwenye nyonga, kila wiki. Nilijua habari ya goti lako kabla hujanieleza. Nikafua, nikanyamaza.

Safari hii sikuweza kunyamaza. Alhamisi nilivaa buibui, nikaikunja jezi kwenye kikapu, nikaenda kwa Omari kumwonyesha ule mshono.

"Mama Saidi," akacheka, "kufua nguo sasa kumekuwa ualimu wa mpira?"

Nikamwambia, "Wewe ulisimama nyuma ya Baba Saidi miaka yote. Jezi yake ilianza kuchafuka lini?"

Hakucheka tena. Alilishika lile kwapa, akalipapasa kwa kidole gumba. Mwisho akasema atazungumza na kamati, kijana apewe mechi moja tu, dhidi ya timu ya Kisauni, yenye winga wanayemwita Umeme.

Jana nilisimama na wanawake karibu na goli. Umeme alijaribu kupita nje, akajaribu ndani. Katana alirudi naye nyuma kwa hatua fupi fupi, mwili wake daima kati ya mtu na goli, mpole, kama anayemsindikiza mgeni. Kabla ya mapumziko nilimwona Umeme akimvuta jezi. Kipindi cha pili akahamia upande wa pili wa uwanja, hakurudi tena.

Nikakaa chini.

Omari alinijia baadaye, wala hakumsifu kupita kiasi. Alisema mguu wa kulia wa kijana ni wa kusimamia tu, na mpira akiupata anaupiga kama anayefukuza kunguru kwenye mihogo. Afundishwe miaka miwili, inshallah, Pwani nzima itamtaka. Ila ana kile kisichofundishika, hana haraka. Kesho anaandikwa kazi.

Asubuhi hii Katana alikuja na madafu mawili. Alitoa shikamoo mlangoni, akashukuru kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili ule. Kisha akauliza, "Mama, mwenye jezi hii alikuwa akichezaje?"

Nilileta sahani na mbaazi. Nikamwonyesha kama ulivyonionyesha, mpaka chai ikapoa, naye akazisogeza mwenyewe kwa vile vidole vinene. Ni mara ya kwanza nimesimulia habari zako bila kulia.

Namba tatu bado mbichi. Kwapa nimelishona kwa uzi maradufu.

Huko uliko, Mungu akurehemu. Nikumbuke nikiwa na sindano hii mkononi.