Gari Lililopondwa Ukutani

Hawes, Yorkshire
15 Agosti 2022

Mdogo wangu Audrey,

Hujambo huko Kanada, na goti linasemaje? Mimi mzima wa mwili, ila kichwa kinanizunguka tangu Jumamosi, na wewe ndiye wa kuniambia kama nimeanza kuzeeka vibaya.

Nilipeleka jamu yangu kwenye maonyesho ya kijiji. Nimekuwa wa pili. Wale waamuzi hawana haya. Uwanjani walipanga magari ya zamani, na katikati yake naona nini? MG yangu! Ile ndogo ya kijani, ya kufunua paa, namba ileile. Namba haihami gari hata likiuzwa mara kumi. Audrey, gari lile si mume wangu Clifford, Mungu amrehemu, alilipondaponda kwenye ukuta wa mawe Machi 1979? Ndiyo maana sikumpa usukani tena mpaka anakufa. Sasa limefufukaje?

Mwenyewe, Bwana Alderson, ni mtu mwema. Alinipakia tukapanda barabara ya Buttertubs, paa wazi, mlima mzima zambarau kwa maua, kondoo wamelala barabarani kama wamelipia. Nilicheka mpaka machozi. Tuliporudi akanionyesha faili la gari, maana wapenzi wa magari haya hawatupi hata risiti ya tairi. Ndani kuna barua ya kuuzia, mwandiko wa Clifford: "Gari ni zima kabisa. Naomba liende mbali, mke wangu asilione."

Nisilione kwa nini? Alikuwa na mwanamke? Mwaka ule ulikuwa unakaa kwetu. Niambie unachojua.

Ni mimi dada yako,
Thelma

*

Hawes
29 Septemba 2022

Audrey,

U mzima? Binti yangu Gillian anasema unamjibu ujumbe wake wa simu siku hiyohiyo. Kumbe ni mimi tu ninayekwepwa.

Picha ya Clifford nimeitoa ukutani, nikairudisha, nikaitoa tena. Leo iko kabatini na vikombe. Nimelala naye miaka arobaini na tano, na sijui nimwite nani. Nijibu, hata kama ni baya.

Dada yako

*

Halifax, Kanada
2 Novemba 2022

Dada Thelma,

Salamu zangu, na shikamoo ya aibu. Goti ni lilelile. Barua hii nimeichana mara nne.

Hakukuwa na mwanamke, dada. Nilikuwa mimi.

Kumbuka majira yale ya baridi, Gillian ana miezi minne. Hulali, huli, mtoto akilia unamtazama kama wa jirani. Kila siku unachukua ile MG unapanda mlimani, unarudi umeganda midomo. Siku moja jikoni ukaniambia, "Kule juu, Audrey, mtu akiachia usukani tu, basi." Ukaendelea kumenya viazi.

Nilimwambia shemeji usiku uleule. Kukuficha funguo aliogopa, maana ungejua tunajua. Akaliuza, kisha akaja na hadithi ya ukuta. Bandeji ile ya kichwani nilimfunga mimi, hakuwa na hata mkwaruzo. Alisema, "Bora anikasirikie mimi kuliko kujichukia mwenyewe." Nawe ulikasirika kwelikweli! Wiki nzima ulifoka, ukavunja sahani. Mimi nilifurahi, maana ulikuwa hujapandisha sauti tangu ujifungue.

Nisamehe, dada. Aliniapisha.

Mdogo wako,
Audrey

*

Hawes
12 Februari 2023

Mdogo wangu,

Salamu. Theluji imefika dirishani na mimi niko hai, nadhani.

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Viazi navikumbuka. Maneno yale siyakumbuki kabisa. Nakumbuka kule juu hakuna aliyeniuliza kama nimekula, na upepo ulikuwa unanipiga usoni, nikasikia kwamba nipo. Ndiyo starehe pekee niliyokuwa nayo, mkaniuzia! Halafu najiuliza, mbona sikuwahi kufunga mkanda?

Juzi nilimsomea Gillian barua yako. Akasema, "Mama, nani unadhani alinifundisha kuendesha?" Kumbe ni Clifford, kila Alhamisi nikiwa kwenye kwaya, barabara hiyohiyo ya mlimani. Anasema alikuwa anakata zile kona taratibu mpaka chai haimwagiki. Naye aliapishwa.

Audrey, miaka arobaini na moja nimempakia huyo mtu kiti cha pembeni. Harusini, msibani, popote, nilikuwa nasema, "Huyu msimpe funguo, atawaulia ukuta." Watu wanacheka, naye anacheka.

Nisingefanya lile jambo. Au ningefanya? Sijui, wallahi sijui, na wa kumuuliza hayupo. Panda ndege uje, goti au si goti. Nataka kukuzaba kibao na nataka kukukumbatia, na sijui kipi kitatangulia.

Dada yako,
Thelma